Rangi Hupimwa Mlangoni

Gitothua, Ruiru

Kageha mama,

Ukiisoma barua hii utakuwa umeshavuka Namanga, na mimi nitakuwa dukani nimeinamia cherehani. Ni wiki ya kufungua shule. Wewe umekulia ndani ya wiki hii, huhitaji kuelezwa: wazazi wamejaa barazani tangu asubuhi, kila mmoja amemshika mtoto wake mkono, kila mmoja anaapa kwamba kitambaa alikileta mwezi wa kumi na moja. Mkulima hatoki shambani siku ya mavuno, na mavuno yangu mimi ni Januari. Kwa hivyo mama yako ndiye atakayekusindikiza Nairobi mpaka kwenye basi la Arusha. Hayo tulishayaongea, au tuseme mimi niliyasema na wewe ukanyamaza.

Sasa hivi mmeenda Gatuanyaga, wewe na mama yako, kumuaga Cucu, mama mzazi wa mama yako. Nyumba imetulia mpaka nasikia kuku wa jirani wakigombania mahali pa kulala. Koti lako nimelimaliza. Liko hapa mezani mbele yangu, na badala ya kulikunja nimechukua karatasi. Nitaitia barua hii kwenye mfuko wa ndani na kuufunga kwa nyuzi mbili, maana najua hutautafuta mfuko huo mpaka baridi ikushike. Mambo ya sabuni, dawa ya malaria na pesa za kuficha kwenye soksi mama yako ameshakuimbia mpaka hata mimi nimeyakariri. Siyarudii.

Nataka kuongea juu ya huu mwezi mzima tuliokaa bila kuongea vizuri. Ulipokuja na habari kwamba Mwalimu Salome amekupatia nafasi ya kujitolea kwenye shule ya wasichana huko Njombe, anakofundisha dada yake, mimi nilicheka. Nikauliza mshahara ni ngapi. Ukasema hakuna mshahara, kuna kitanda na chakula. Nikasema, "Kwa hivyo unatoka Kenya kwenda Tanzania kula ugali." Nilijiona mcheshi sana. Mama yako hakucheka.

Wewe ulinitazama ukasema, "Baba, chuo hawatatuita mpaka mwaka mzima upite. Unataka nikae hapa nikishona vifungo?"

Ndiyo, mama. Hicho hasa ndicho nilichotaka. Nilikuwa nimeshakupangia: asubuhi kozi ya kupiga taipu pale Thika, jioni vifungo na pindo dukani, na mimi nikiinua macho nakuona. Nilikukatia mwaka mzima kama kitambaa, bila kumuuliza mwenye mwili.

Halafu ukaniuliza swali ambalo sikulijibu. "Wewe ulitoka kwenu Vihiga ukiwa mdogo kuliko mimi. Nani alikuzuia?" Nikajifanya cherehani inataka mafuta. Cherehani ile ilikuwa imetiwa mafuta asubuhi hiyo hiyo, na wewe uliniona nikiitia.

Jibu ninalo, ila ni refu.

Hakuna aliyenizuia. Siku niliyoondoka, nyanya yako, yule unayebeba jina lake, hakunizuia na wala hakuniaga. Aliamka mapema akachukua jembe akaenda kupalilia mahindi. Nilipita kando ya shamba na sanduku langu la mbao kichwani, nikaita, "Mama, naenda!" Akainua mkono bila kuinua kichwa, kisha akaendelea kulima. Nilisimama pale nikimngoja anitazame, mpaka binamu yangu aliyekuwa mbele akanihimiza. Nikafika Thika na uchungu huo. Nilijiambia kwamba kwa mama yangu mahindi yalikuwa na thamani kuliko mimi.

Thika ya wakati ule ungeijua kwa pua kabla ya macho. Ukishuka tu, unapokewa na mananasi yanayopikwa, halafu ngozi, halafu moshi wa mkaa wa akina mama waliokuwa wakichoma mahindi nje ya malango ya viwanda. Nilipata kazi kwenye kiwanda cha nguo, upande wa rangi. Tulikuwa wengi, vijana kutoka kila pembe, na king'ora kikilia mji mzima unatembea. Sisemi kulikuwa kuzuri. Chumba tulilala watu wanne na mvua ilikuwa ya tano. Lakini nikikumbuka kile king'ora leo, moyo wangu unaamka bado ukitafuta viatu.

Jumapili ya kwanza nilidhani nitakufa kwa upweke. Nikatembea mpaka stendi mahali mabasi ya kwetu yalipokuwa yakishusha watu, nikakaa kwenye jiwe. Sikuwa nangoja mtu. Nilitaka tu kusikia wamama wakigombana na makondakta kwa Kimaragoli juu ya kuku wao. Nilienda Jumapili nyingi hivyo, na hakuna niliyemwambia, maana nilikuwa kidume. Nawe utapata jiwe lako huko Njombe. Ukilipata, kaa. Si aibu.

Kazi ya rangi iliniachia mikono ya buluu mpaka kwenye viwiko. Glavu tulipewa, lakini zilikuwa zimetoboka kabla yetu. Nilipoenda Gatuanyaga mara ya kwanza kujitambulisha kwao mama yako, Cucu alinipa chai, akaviona vidole vyangu kwenye kikombe, akamvuta mama yako chumba cha pili. Nyumba ilikuwa ya mbao. Nilisikia kila neno.

"Haiya, Wangari! Huyu Mluhya ako na ugonjwa gani kwa mikono?"

"Ni kazi, maitu."

"Kazi gani hiyo inapaka mtu rangi kama mlango?"

Kisha akasema, "Sawa tu. Angalau huyu hawezi kutudanganya ati anafanya kazi." Nikajua nimepewa mke. Mpaka leo Cucu akinitania ananiita Mlango, na wewe ulipokuwa mdogo ulidhani ndilo jina langu la ubatizo.

Msimamizi wetu kule kiwandani alikuwa mzee mkali asiyependa maneno mengi. Alitufundisha jambo moja na akalirudia mpaka tukalichukia: rangi haipimwi ndani. Ndani, chini ya taa, vitambaa viwili vinaweza kukudanganya kwamba ni mapacha. Vichukue mlangoni, viweke juani, uone kama hata vinajuana. "Rangi hupimwa mlangoni," alikuwa akisema, na anayepima chini ya taa anafukuzwa mpaka nje kama mbuzi.

Mitumba ilipojaa sokoni, kiwanda kilianza kukohoa. Kwanza tulifanya kazi siku chache, halafu king'ora kikanyamaza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikajiambia, nikanunua cherehani ya mkono wa pili na nikapewa baraza pale karibu na soko la Ruiru. Hapo ndipo kumbukumbu zako zinapoanzia. Ulikuwa ukikaa chini ya meza na ile sumaku ya spika mbovu, unaokota pini zilizoanguka na kuimba. Mguu wangu ukisimama kwenye pedeli, unautingisha: "Baba, mbona umezima?" Ulidhani cherehani ni redio. Hiyo ndiyo Januari ninayoipenda, Januari ya wewe kuwa chini ya meza, na wazazi wakipiga kelele juu yetu sisi wawili tukiwa tumejificha.

Na hapo ndipo yale mambo ya Gatuanyaga yalipotokea. Ulikuwa darasa la tatu. Sijui unakumbuka kiasi gani. Nitasimulia yote, maana mwezi huu wote nimekuwa nikiyafikiria na ndiyo yaliyonibadilisha.

Tulipokuwa tukienda kumwona Cucu, tulikuwa tukipita ile shule ya msingi kwenye vumbi, na wasichana wengine walikuwa wamevaa nguo zilizochoka mpaka hazina jina. Nilikuwa nimenunua vipande vya kitambaa kwenye kiwanda chetu kilipokuwa kinafungwa, buluu ya sare. Nikasimama kanisani nikatangaza kwamba nitawashonea wale wasichana bure. Mchungaji akasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na watu wakanipigia makofi. Makofi ni matamu, mama. Nilirudi nyumbani nikitembea kama diwani.

Sikuenda kuwapima. Kwa nini niwapime? Nilikuwa nimewashonea wasichana wa Ruiru maelfu ya nguo, nikasema msichana wa darasa la tano ni msichana wa darasa la tano. Nikakata kwa macho. Na rangi niliilinganisha dukani jioni, chini ya karabai, kipande cha sare ya shule ile mkono huu na kitambaa changu mkono ule. Nikaona mapacha. Mimi! Mtu aliyefukuzwa mpaka mlangoni kama mbuzi miaka yote ile.

Siku ya kuzigawa ilikuwa Ijumaa, paredi ya asubuhi. Kulikuwa na hotuba, na mimi nilikuwa nimevaa suti ya kahawia. Wasichana waliitwa majina mmoja mmoja, wakapokea, wakaenda kuvaa, wakarudi kwenye mstari. Ulikuwa umesimama kando yangu na utepe kichwani. Ukanivuta koti. "Baba, mbona hizi zimekaa kijani?"

Nikakwambia, "Nyamaza upige makofi."

Ukapiga makofi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mengine yote, kwamba ulipiga.

Wiki kadhaa zilipita. Nikaenda kwa Cucu peke yangu, nikamkuta msichana wa jirani, Mumbua, ameleta maji. Nilimkumbuka maana alikuwa wa kwanza kuitwa siku ile. Alikuwa anaelekea shuleni na gauni lake la zamani, lile lililopasuka kwapani.

"Mumbua, ile nguo haikukutosha?"

"Inatosha, fundi."

"Basi mbona huivai?"

Akatazama chini. Alikuwa mtoto mwenye heshima, na nilimlazimisha. Mwishowe akasema, "Tukiwa paredi mtu anatuona hata akiwa kwa barabara. Wanatuita watoto wa msaada."

Unajua nilifanya nini? Nilikasirika. Nilimwambia Cucu kwamba watu wa huku hawana shukrani, kwamba nguo ni nguo. Cucu alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua hata sauti. "Mlango," akasema, "ungekuwa wewe, ungevaa?"

Sikumaliza chai. Nilitembea mpaka shuleni, nikasimama langoni wakati wa mapumziko, jua la saa nne likiwaka. Niliwaona wote. Buluu, buluu, buluu, halafu kijani kidogo, peke yake, kando ya ukuta. Tena magauni yalikuwa yamewapwaya, maana wale walikuwa wembamba kuliko wasichana wangu wa Ruiru, na baada ya kufuliwa rangi ilikuwa imezidi kwenda zake. Nilikuwa nimewashonea alama. Nilitaka kuwafunika, nikawaonyesha.

Mwalimu mkuu, mama mmoja mfupi asiye na mchezo, aliniambia wazi: "Ukizichukua, watabaki na matambara. Ukileta mpya, hawa wengine watalia. Fundi, we ulikuwa wa rangi. Si uzitie zote kwa pipa moja?"

Zote. Za zamani na mpya, za wenye wazazi na za wasio na wazazi. Hiyo Jumamosi unaikumbuka, najua, maana ulikuja. Nilileta pipa, rangi ya buluu iliyokolea, gunia la chumvi ya kushikisha rangi, na rafiki yangu mmoja wa zamani wa kiwandani. Kuni zilikuwepo. Nilisahau maji. Gatuanyaga, mwanangu, kule mahali punda wanajua njia ya mtoni kuliko watu, nilienda kutia nguo rangi nikasahau maji!

Akina mama hawakunicheka mbele yangu. Walifunga mitungi juu ya punda wakaenda mtoni, wakarudi, wakaenda tena, mpaka mchana. Maji yao ya kupikia waliyamimina kwenye pipa langu. Mchana wakaniletea githeri ya mahindi na maharagwe, mimi kwanza, na nikala nikiwa nimeinamisha macho. Nilikuja kuwa mfadhili, na sasa nilikuwa mgeni wao aliyekosa kujipanga. Lakini nikwambie, ndiyo siku ya kwanza walipoacha kuniita "mzee" wakaniita kwa jina. Mtu ukimpa kila kitu na usipokee kitu kutoka kwake, hamtakuwa marafiki.

Nguo zilipoanikwa kwenye ua wa shule, zote zilikuwa rangi moja, ile buluu ya karibu na nyeusi. Sikungoja kuambiwa, nilizitazama juani moja moja. Shule ile inavaa rangi hiyo mpaka leo, na walimu wapya wanadhani ilianzishwa nayo.

Halafu nikapiga magoti na tepu yangu nikawapima wale wasichana niliokuwa nimewakosea, ili nizipunguze. Nikamuuliza Mumbua kama kuna kitu kingine anataka kwenye gauni lake. Sikujua kwa nini nilimuuliza, labda ni ile githeri.

"Mfuko," akasema.

"Wa nini?"

"Wavulana wako na mifuko."

"Ndiyo, lakini utaweka nini?"

"Nitajua nikiwa nao."

Tangu siku hiyo sijashona sare ya msichana bila mfuko. Shule nyingine hazitaki, wanasema unaharibu umbo la sketi. Naushona ndani, pembeni, mahali mwalimu haoni. Wasichana wa Ruiru, Kalimoni mpaka Thika wanatembea na mifuko ya Mumbua na hawamjui.

Na wewe ulikuwa umekoroga pipa mchana kutwa na fimbo ndefu kuliko wewe, ukirukiwa na rangi. Jumatatu mwalimu wako alikupeleka kwenye bomba ukaoshwa mikono mara tatu, haikutoka kitu. Mama yako alinigombeza wiki nzima. Mimi nilikuwa nikikutazama ukiwa umelala, mikono yako ya buluu juu ya blanketi kama yangu ya ujana, na nilikuwa na furaha ya kijinga ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Sasa unaona kwa nini nakuambia haya. Si kwamba nakupa masharti ya kujitolea. Mimi ni nani? Nilijitolea mara moja na nikahitaji punda kuniokoa. Ila siku ile kwenye paredi, katika watu wazima wote waliokuwa pale, na mchungaji, na mwalimu mkuu, na fundi aliyeishi ndani ya rangi, aliyeona ni wewe. Ulikuwa mlangoni, sisi wote tulikuwa chini ya taa. Jicho hilo ndilo linaloenda Njombe. Huko utaona mambo ambayo wakubwa wamezoea wasiyaone tena, na pengine mtu atakuambia unyamaze upige makofi. Usipige, mama. Kwangu mimi usipige tena.

Nimewaza pia juu ya Kiswahili chako, na nikacheka peke yangu. Watakucheka sana. Sisi hapa tukiingia hotelini tunasema "nipe chai" na chai inakuja. Wanasema kule ukisema "nipe" wanashtuka kama umewapora. Wao ni "naomba", "samahani", "shikamoo" kabla ya kila kitu. Na wewe umekulia na baba Mmaragoli, mama Mkikuyu na Kiswahili cha sokoni Ruiru kisichojua ngeli wala mipaka. Utasimama mbele ya darasa useme "hii kitabu yangu" na wasichana arobaini wataanguka chini. Cheka nao, halafu waombe wakufundishe. Utakuwa umewapa kitu cha kukupa, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usingoje kupewa. Liombe mwenyewe.

Na ukiona mambo yamekushinda, rudi. Sisemi hivi kwa kutaka urudi, ingawa nataka. Nasema kwa sababu nyumba hii haina mlango wa wenye ushindi na mlango wa walioshindwa. Ina mmoja tu, ule unaokwaruza sakafu, na nimekataa kuutengeneza makusudi ili nisikie ukiingia.

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini nimelitazama hili koti na siwezi.

Nikueleze jambo la koti. Nilianza kulishona ulipokuwa hunisemeshi, na juzi nilishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza hafanyi hivyo. Mteja mmoja aliyekuwa pale akaniuliza, "Fundi, leo uko sawa kweli?" Nikasema macho yamechoka. Nikafumua. Jana nikashona tena, na nikaukosea tena vile vile, na nikakaa na lile koti mapajani mwangu.

Ndipo nikamkumbuka mama yangu. Krismasi nyingi baada ya ile safari yangu tulikaa naye, tukala, tukacheka, na sikumuuliza hata mara moja kwa nini hakuinua kichwa. Niliona haya kuuliza, na nilidhani jibu ninalijua. Nilimkata kwa macho, kama nilivyowakata wale wasichana. Alipofariki, kwenye matanga, shangazi yangu ndiye aliyelitaja jambo hilo, tena kwa kucheka, akidhani nalijua. "Siku ulipoenda Thika, mama yako alitulimia ajabu. Aling'oa mstari mzima wa mahindi akaacha magugu yamesimama. Tulipanda tena upya." Kisha akaenda kuangalia chungu, na mimi nikabaki nimeshika kikombe.

Hakuinua kichwa kwa sababu hakutaka nimwone. Na mimi nilibeba uchungu miaka yote ile kwa jambo lililokuwa mapenzi matupu. Lakini mama, mapenzi aliyoyaficha hayakunifikia Thika. Yalinifikia kwenye matanga, na hapo sikuwa na mtu wa kumrudishia.

Nimesema Januari ni mavuno yangu. Yeye naye alikuwa na palizi yake. Kila mtu ana shamba lake la kujifichia.

Nimeiacha barua nikatoka, nimefika dukani na kurudi. Nimeandika mlangoni kwa chaki yangu ya kukatia, kwa herufi kubwa: FUNDI HAYUKO. AMEMSINDIKIZA BINTI YAKE. Mama mmoja alikuwa anapita, yule ambaye kijana wake anaingia kidato cha kwanza, akasoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Fundi! Na sare yetu? Si shule inafunguliwa kesho kutwa?"

"Kesho kutwa, mama," nikamwambia. "Kesho nina kazi."

Akasema, "Ni yule wa kuokota pini?" Nikasema ndiye. Akasema basi, atangoja.

Nawasikia sasa wewe na mama yako mkishuka kwa njia, mnacheka, nadhani Cucu amewapa viazi mbebe mpaka Tanzania. Nifunge mfuko upesi. Ile sentensi ya kwanza ya barua hii, inayosema nitakuwa dukani, nimeipiga mstari. Sikuifuta kabisa, nimetaka uione ilivyokuwa. Ukifika hapa utakuwa umeshaniona pale kituoni, mzee wa suti ya kahawia kando ya basi, nalia mbele za watu na sijali. Nitakuwa nimekupungia mkono, Kageha, na kichwa nimekiinua.

Baba yako,
Mlango